Gundi Ipi kwa Kitu Gani: Mwongozo kwa Wanaoanza Kujenga Reli za Modeli

Swali ni lilelile kila mtu mpya anapoanza kujenga treni za modeli (treni ndogo zinazoiga zile halisi): jamani gundi gani ni kali kuliko zote ninunue hiyo moja nimalize? Halafu siku chache baadaye anarudi na maswali mengine, ukuta wa behewa umeyeyuka, madirisha ya stesheni yamepiga ukungu mweupe, kokoto zinang'oka zikiguswa tu na brashi, karatasi mbili za povu wiki nzima hazijashikana. Yote hayo yanatoka sehemu moja, mtu kachagua gundi kwa ukali wake badala ya kuangalia anagundisha nini na nini. Gundi inayounganisha plastiki mpaka ikawa kitu kimoja haifanyi chochote kwenye mbao, na ile inayoshika mbao kisawasawa utaibandua kwa kucha kwenye plastiki. Gundi ya kila kitu haipo, hata kama kopo limeandikwa hivyo.

Nimepanga hatua kufuata ujenzi wenyewe unavyokwenda, kutoka chini kwenda juu: fremu, povu, tuta, reli, kokoto, ndipo mabehewa na majengo. Skeli, yaani modeli imepunguzwa mara ngapi kuliko kitu halisi, haijalishi, iwe HO ya 1:87 au N ya 1:160 vitu ni vilevile, ila kwenye N kila tone linatakiwa liwe dogo zaidi maana kosa linaonekana haraka.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

Gundi tano zinatosha kabisa, usidanganyike ukanunua ishirini:

- Gundi nyeupe ya PVA, chukua chupa kubwa, hii ndio utaitumia kuliko zote
- Gundi ya plastiki ya maji maji, ile chupa ndogo yenye brashi kwenye kifuniko
- Supaglu nzito kidogo au ya jeli (ile nyepesi inayotiririka utanunua baadaye mkono ukishazoea)
- Epoksi ya mirija miwili
- Silanti ya akriliki, ile ya kuziba nyufa za ukuta inayokamuliwa kwa bunduki na kusafishwa kwa maji. Angalia vizuri isije ikawa silikoni, hivyo ni vitu viwili tofauti na nitaeleza kwenye reli

Pamoja na hizo weka vijiti vya meno vingi, bomba la sindano lisilo na sindano, chupa ya kupulizia maji, vibanio vya nguo, tepu ya karatasi, msasa laini kama namba 400, kisu cha modeli au wembe, brashi za zamani, spiriti ya isopropili, asetoni kidogo, glavu za nitrili, kipande cha kioo au kigae cha kufanyia kazi sehemu iliyonyooka, na vitu vizito vya kukandamizia.

Kuhusu usalama sitazunguka. Gundi ya plastiki, asetoni na gundi ya mpira (ile ya mafundi viatu) zinatoa mvuke unaoumiza kichwa na unaoshika moto, fungua madirisha na usiweke mshumaa wala sigara karibu. Epoksi vaa glavu, kuna watu ngozi yao inaanza kuikataa taratibu na ikishaikataa ndio basi tena. Supaglu ikikugandisha vidole usivute kwa nguvu, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ukizungusha polepole. Ikiingia jichoni usitie asetoni, usilazimishe kope kufunguka, suuza kwa maji ya uvuguvugu uende kwa daktari. Na supaglu usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba, supaglu ikilowanisha pamba inatoa joto kali kiasi cha kuunguza, tumia karatasi ngumu au kijiti.

Hatua ya 1: Tambua plastiki yako

Mbao, karatasi, povu na chuma unavijua kwa macho. Tatizo ni plastiki maana zote zinafanana. Vipande vingi vya kuunganisha mwenyewe, kuta za majengo na mabehewa, ni polistaireni (kwa kifupi staireni). Ila mikono ya kushikia kwenye vichwa vya treni, baadhi ya viunganishi vya mabehewa na vigurudumu vinaweza kuwa asetali au nailoni, hizo zimetengenezwa ziteleze na gundi nyingi hazizishiki.

Jaribu hivi. Chukua kile kifremu ambacho vipande vilikuja vimeshikilia, au sehemu ya ndani isiyoonekana, dondoshea tone dogo la gundi ya plastiki, subiri sekunde kumi hivi, gusa kwa ncha ya kijiti. Ikinata na kuacha alama hiyo ni staireni au ndugu yake wa karibu, gundi ya plastiki itafanya kazi. Ikibaki kavu na laini vilevile kama hukuigusa, hiyo siyo, nenda moja kwa moja kwenye epoksi au usigundishe kabisa, banisha kwa pini au skrubu ndogo. Kipimo kingine ni maji yenye tone la sabuni: polithini na polipropilini zinaelea, staireni inazama. Inayoelea sahau habari ya gundi za kawaida.

ABS, plastiki nyingine, inafanana sana na staireni na ipo kwenye bodi nyingi za treni zilizokuja tayari zimeundwa. Kwa hiyo tafuta gundi ya plastiki iliyoandikwa wazi kuwa inashika ABS, zile laini zaidi zinailamba juu juu tu.

Hatua ya 2: Safisha na ujaribishe bila gundi

Watu wanaruka hatua hii halafu wanailaumu gundi. Vipande vipya vina mafuta ya kalibu, yale ya kiwandani ya kusaidia kipande kitoke kwenye umbo lake, hasa vya resini, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha. Pale vinapokutana piga msasa kidogo. Na kama umeshapaka rangi, kwangua rangi yote sehemu ya kiungio mpaka uone plastiki yenyewe, kwa sababu gundi ukiipaka juu ya rangi inashika rangi, na rangi ikibanduka kipande kinaondoka nayo.

Halafu panga vipande pamoja vikiwa vikavu. Vikikutana vizuri pande zote endelea. Kama kuna mwanya unapitisha mwanga, rekebisha mwanya kwa msasa au kipande cha staireni, usitegemee gundi iuzibe.

Hatua ya 3: Fremu na karatasi za povu

Fremu ya mbao na plaiwudi ni PVA au gundi ya njano ya maseremala, pamoja na skrubu. Ile ya njano inashika haraka zaidi na inavumilia unyevu kuliko nyeupe ya kawaida, kwa fremu mimi naipendelea. Paka upande mmoja, sugua vipande viwili vikiwa pamoja, bana, futa kinachotoka pembeni kabla hakijakauka. Kubana kwa nusu saa mpaka saa moja kunatosha lakini usiipe uzito mpaka kesho yake.

Povu ndio kaburi la wanaoanza. Kuna lile la punje nyeupe na lile lililokandamizwa la rangi ya waridi au bluu, yote mawili ni polistaireni, kwa hiyo chochote kinachoyeyusha plastiki kinalila: gundi ya plastiki, supaglu ya kawaida, gundi ya mpira yenye petroli, rangi nyingi za kupulizia. Utaona shimo linajichimba lenyewe mbele ya macho yako. Gundi ya moto (ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa bunduki ya umeme) nayo ikiwa kwenye joto la juu inaliyeyusha.

Kinachofaa ni silanti ya akriliki au gundi ya ujenzi iliyoandikwa kuwa ni salama kwa povu. PVA nayo inashika povu kwenye mbao vizuri kabisa, shida inakuja unapogundisha karatasi mbili kubwa za povu zenyewe kwa zenyewe. PVA inakauka kwa maji kutoka, na povu halipitishi maji, kwa hiyo katikati gundi inabaki mbichi siku nyingi sana. Ukiwa huna kingine, ipake kwa mistari membamba yenye nafasi kati yake hewa ipite, weka vitabu juu, na uwe na subira.

Hatua ya 4: Tuta la koki na reli juu yake

Koki, ule ukanda mwepesi wa gome kama la kizibo cha chupa unaolazwa chini ya reli ukiwa nusu mbili kwa urefu, igundishe kwa PVA au silanti ya akriliki. Chora mstari wa katikati ya njia kwanza, paka gundi nyembamba kwa kipande cha kadi ya zamani, laza ile nusu ya kwanza ya koki ikifuata mstari halafu nusu ya pili, choma pini kila baada ya kiganja kimoja, zaidi kwenye kona. Ikishakauka pitisha msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao juu yake, kibonge kidogo tu cha gundi chini ya reli utakikuta baadaye kwa behewa kuruka.

Reli zenyewe silanti ya akriliki ndio chaguo langu na sijaona sababu ya kubadilisha. Inakupa dakika kadhaa za kusogeza reli mpaka inyooke, inapunguza kelele, na siku ukitaka kubadilisha njia unapitisha spachula nyembamba chini ya mataruma na reli inatoka nzima. Kamua mstari mwembamba, uutandaze kwa spachula mpaka uone koki kupitia kwenye gundi. Nasisitiza mpaka uone koki. Ikiwa nene itapanda katikati ya mataruma na kokoto hazitapata pa kukaa. Laza reli, angalia kwa jicho moja kutoka mwisho wa njia ukiwa umeinama usawa wa reli, kona yoyote iliyopinda vibaya utaiona hapo hapo, rekebisha, weka uzito, iache mpaka kesho.

Maonyo ya hapa ni matatu na yote yanauma:

Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie. Ile harufu ni asidi ya asetiki inayotoka ikikauka na inakula shaba, nyaya na reli zako zote zipo hapo. Tena silikoni haishiki rangi wala kokoto.

Pale reli inapogawanyika, usipake gundi yoyote chini ya ule upau unaosogeza ncha za reli. Acha nafasi tupu kabisa ya upana wa mataruma mawili matatu.

Viunganishi vya chuma kati ya reli na reli havipakwi gundi, umeme unapita hapo. Ukitaka visiachie, lehemu.

Hatua ya 5: Kokoto

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko maswali mengi yanakotoka, na kwa kweli njia iliyomwagiwa kokoto vizuri inabadilisha sura ya kazi nzima.

Kwanza pitisha sumaku kwenye kokoto zako zikiwa kwenye sahani. Kuna kokoto za mawe halisi zenye chembe za chuma, na chembe hizo zinavutwa na mota ya treni zikaingia ndani. Zinazoshikwa na sumaku tupa.

Mwaga kidogo kidogo kwa kijiko katikati ya reli na pembeni, sambaza kwa brashi laini kavu, gongagonga mgongo wa reli kwa mpini wa brashi punje zishuke. Juu ya mataruma pasibaki punje hata moja na kwenye kuta za ndani za reli vilevile, gurudumu lina ukingo unaopita hapo na punje moja inalinyanyua. Chukua muda wako, gundi ikishaingia ulichokiacha ndicho utakachobaki nacho.

Sasa lowanisha. Hii ndio siri yenyewe. Kokoto kavu zikidondoshewa gundi moja kwa moja, gundi inajikusanya kuwa kishanga, inaviringika na kubeba punje, inaacha shimo. Kwa hiyo zima umeme kabisa, puliza spiriti ya isopropili au maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, puliza kwa juu kama ukungu ushuke wenyewe, usielekeze chupa moja kwa moja kwenye kokoto zitaruka. Rangi ya kokoto ikishakolea zote, changanya PVA na maji, kipimo kimoja kwa kimoja au maji yafike mara mbili, tia na tone la sabuni, vuta kwa bomba la sindano na dondosha katikati ya mataruma. Ukitazama kwa karibu utaona tone likigusa kokoto linatoweka papo hapo na weupe unatambaa pembeni wenyewe mpaka chini ya reli. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikikaa juu bila kuzama ongeza kulowanisha.

Kwenye swichi ya reli, pale njia inapogawanyika, tumia kokoto chache na gundi kwa ncha ya kijiti, na uwe unasogeza zile ncha za reli kila baada ya muda wakati inakauka. Futa mgongo wa reli kwa kitambaa chenye spiriti kabla gundi haijagandia. Usipitishe treni wala usiwashe umeme mpaka pakauke kabisa, ipe siku nzima, na safu ya kokoto ikiwa nene ipe hata zaidi.

PVA ikikauka inaweza kung'aa kidogo na inalainika tena ukiimwagia maji. Kulainika ni faida siku ukitaka kubomoa. Kung'aa kukikuchukiza tumia midia ya akriliki isiyong'aa (kile kimiminika cha kuchanganyia rangi za akriliki) iliyozimuliwa vilevile.

Hatua ya 6: Mabehewa na majengo ya plastiki

Gundi ya plastiki ya maji maji haigundishi kwa maana ya kawaida, inayeyusha pande mbili zinaingiliana halafu yenyewe inaruka hewani. Ndio maana kiungio kilichofanywa vizuri hakina mstari wa gundi.

Shika kuta mbili zikiwa zimekutana tayari, kavu, zimenyooka kwenye kona. Futa brashi kwenye mdomo wa chupa ibaki na unyevu tu, gusa kwa upande wa ndani mwanzo wa kiungio. Gundi inakimbia yenyewe kufuata ule mwanya mwembamba, utaiona inapita sentimita mbili tatu kwa mara moja. Gusa tena pale ilipoishia. Kandamiza kidogo mpaka uone uzi mwembamba sana wa plastiki laini unajitokeza nje, hapo simama, usiufute, ukikauka utaukwangua. Shikilia nusu dakika hadi dakika moja, weka kwenye kioo, usiguse. Rangi na msasa ni kesho.

Angalia vidole vyako vimekaa wapi. Gundi ikikimbia ikafika chini ya kidole inatandaa na kuchora alama za kidole chako kwenye ukuta wa nje, na hizo haziondoki kwa kufuta. Shika mbali na kiungio.

Chupa yenyewe ni nyepesi na inapinduka kirahisi, ichimbie tundu kwenye kipande cha mbao ikae humo. Mbao, sio povu.

Ile gundi nene ya mrija ni ya viungio virefu visivyoonekana, ina muda mrefu wa kusogeza lakini ikizidi inaendelea kulainisha ukuta kwa siku kadhaa na ukuta unabonyea.

Seti za karatasi ngumu na mbao zilizokatwa kwa leza ni PVA, kwa ncha ya kijiti, safu nyembamba. Maji ya gundi yanapindisha mbao nyembamba, kwa hiyo weka vizuizi kwa ndani na ukandamize kwenye kioo mpaka pakauke. Ukipaka rangi upande mmoja paka na wa pili.

Hatua ya 7: Chuma, resini na vitu visivyofanana

Supaglu inaganda kwa unyevu ulio hewani na juu ya kitu chenyewe, ndio maana inapenda kiungio kinachobana na inachukia mwanya. Inafaa kwa resini, vipande vilivyochapwa kwa printa ya 3D, na chuma kidogo kwenye plastiki kama vile mikono ya waya na ngazi. Dondoshea kwenye kipande cha plastiki, chovya kijiti, gusa. Ukitumia moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa chupa itakuwa nyingi. Ijue tabia yake: ukiivuta inashikilia sana, ukiigonga kwa ubavu inapasuka, kwa hiyo kitu kinachoguswa mara kwa mara kitobolee tundu kwanza uingize waya, gundi iwe ya kushikilia tu.

Epoksi ni ya mizigo mizito: vipande vya aloi laini ya bati, shaba ya njano kwenye plastiki, pale penye mwanya, pale panapotikisika. Kamua mirija yote miwili kwa urefu sawa sawa, changanya kwa dakika nzima ukikwangua na pembeni. Ile ya dakika tano inakupa dakika hizo za kufanyia kazi tu, nguvu zake kamili zinakuja baada ya saa nyingi, na ile ya taratibu ndio imara zaidi. Fremu za shaba tupu bora ulehemu ukiweza.

Kuna jambo moja wengi hawaambiwi. Vidonge vya madini ya risasi vya kuongezea treni uzito, usivigundishe kwa PVA. Risasi na PVA vinafanya kazi kemikali taratibu, inatokea chumvi nyeupe inayovimba, na baada ya miezi au miaka bodi ya treni inapasuka kutokea ndani. Tumia epoksi, na nawa mikono baada ya kushika risasi.

Hatua ya 8: Vioo na mandhari

Madirisha ya plastiki angavu yasiguswe na supaglu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo chote hata kama gundi yenyewe hukuifikisha hapo. Tumia PVA kwa kijiti pembezoni mwa dirisha, ikikauka inakuwa angavu, na ukikosea unaifuta kwa maji. Dirisha dogo kabisa unaweza kulitengeneza kwa PVA yenyewe, chovya kijiti, zungusha ukingoni mwa tundu mpaka utando ujifunge, uache ukauke bila kuugusa.

Nyasi, miti, watu, yote PVA. Nyasi za nyuzi zinazosimamishwa kwa umeme tuli zinataka gundi ikiwa mbichi kabisa, kwa hiyo paka eneo dogo, malizana nalo, hamia jingine.

Makosa yanayojirudia

Gundi nyingi. Hili linashinda yote mengine kwa mbali, kiungio kinabebwa na safu nyembamba na kinachozidi kinachafua tu. La pili haraka, mtu anajaribu kuvuta aone kama imeshika na hapo ndipo anaivunja. La tatu kugundisha bodi ya kichwa cha treni kwenye chasi, usifanye hivyo hata kidogo, kuna siku utahitaji kuifungua kusafisha na kutia mafuta. Ndani ya kichwa cha treni pia usishikilie nyaya kwa gundi ya moto, mota na taa vinapata joto na gundi inalegea ikaangukia gia.

Ikienda vibaya

*Kiungio cha plastiki kimeachia kikiwa kisafi kabisa.* Ama kulikuwa na rangi, ama siyo staireni. Rudia kipimo cha hatua ya 1.

*Ukuta wa plastiki umebonyea au umelainika.* Usiuguse. Acha siku kadhaa mpaka ugumu wote urudi, jaza kwa puti ya plastiki, piga msasa. Ukianza kurekebisha ukiwa laini unaongeza kidonda.

*Ukungu mweupe wa supaglu.* Kwenye plastiki ya rangi mara nyingi unafutika kwa kitambaa chenye spiriti au mafuta kidogo, au unafichwa na rangi. Kwenye kioo angavu kata kingine, ni haraka zaidi.

*Supaglu haigandi.* Hewa ni kavu sana au umeweka nene. Ihemee taratibu kwa mdomo, ule unyevu unatosha. Mwanya ukiwa mkubwa badilisha, tumia epoksi.

*Epoksi inanata mpaka leo.* Vipimo havikuwa sawa au haikuchanganyika, na haitakauka hata ukisubiri. Ikwangue, futa kwa spiriti, changanya upya.

*Kokoto zinabanduka kwa mafungu.* Gundi ilishika juu tu. Lowanisha tena na udondoshee mchanganyiko mwepesi zaidi, huna haja ya kubomoa.

*Ncha za reli zimeganda.* Dondosha maji ya uvuguvugu kwa bomba, subiri PVA ilainike, sogeza kwa kijiti polepole ukitoa punje moja moja, kausha kwa kitambaa. Usilazimishe kwa mota ya swichi, utaivunja.

*Treni inasimama palepale kila mzunguko baada ya kumwaga kokoto.* Kuna utando wa gundi kwenye mgongo wa reli na gundi haipitishi umeme. Sugua kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, halafu angalia na magurudumu ya kichwa chenyewe, mara nyingi yameshaubeba. Ikiendelea kusimama baada ya hapo, kagua kiunganishi cha reli kilicho karibu, huenda mchanganyiko uliingia ndani yake, na suluhisho ni kulehemu waya wa umeme kwenye hicho kipande cha reli.